Foko ya kukunja kwa mkono kwenye baiskeli ya kuunda mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayeunda baiskeli yake huku Nyanda za Juu Kusini, akiwa na fremu ya chuma ya namba 28 (Phoenix, Hero, Avon na ndugu zao), mashine ya kuchomelea ya kawaida, na duka la vyuma lililo karibu. Vipimo vyote ni milimita isipokuwa pale panaposemwa vingine. Kwa fremu tofauti, badilisha namba lakini fuata utaratibu uleule.

Kwanza, sehemu za foko tunaziitaje hapa?

Miguu ni zile paipu mbili zinazoshuka pembeni mwa tairi. Masikio ni vibati vya chini vinavyoshika ekseli. Bega ni mahali miguu miwili inapokutana juu ya tairi. Shina ni paipu moja inayopanda ndani ya shingo ya fremu hadi kwenye usukani. Mchomozo ni umbali ambao ekseli imetangulia mbele ya mstari wa katikati ya shina. Mburuto ni umbali, chini ardhini, kati ya pale mstari wa shina unapogusa barabara na pale tairi linapogusa. Tairi hugusa nyuma ya mstari huo, ndiyo maana gurudumu hufuata badala ya kuyumba.

Je, mkunjo wa foko hupunguza mtikisiko?

Kidogo sana, kuliko watu wanavyodai. Foko za kiwandani zilizopinda zina ncha nyembamba zinazonesa kidogo. Paipu ya dukani yenye unene wa 2 hainesi kiasi cha kuhisiwa mikononi. Ukitaka ulaini, weka tairi nene zaidi au punguza upepo. Kazi halisi ya mkunjo ni kupeleka ekseli mbele, yaani kuleta mchomozo. Foko iliyonyooka ambayo miguu yake imeelekezwa mbele kutoka begani hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo kunja kwa sababu unaupenda mwonekano, na fedha na muda mwingi vipeleke begani na kwenye shina, maana huko ndiko foko hukatika.

Mchomozo uwe kiasi gani?

Hutegemea mlalo wa shingo ya fremu. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji, magurudumu yote mawili yakiwa na upepo, kisha pima pembe ya shingo kutoka sakafuni. Fremu nyingi za namba 28 za kizamani ziko karibu na nyuzi 68.

Hesabu ya mburuto ni hii: zidisha nusu kipenyo cha gurudumu kwa kosaini ya pembe, toa mchomozo, kisha gawanya kwa saini ya pembe. Tairi la 28 × 1½ lina nusu kipenyo cha 357, likibebeshwa hubonyea hadi kama 350. Kwa nyuzi 68: 350 × 0.375 ni 131. Toa mchomozo wa 68, inabaki 63. Gawanya kwa 0.927, unapata mburuto wa 68. Hapo baiskeli hutulia kwenye mteremko na bado hugeuka kwa urahisi sokoni. Kati ya 55 na 75 hutajuta. Chini ya 40 usukani huwa mwepesi mno na baiskeli hutangatanga. Ukizidi 90 gurudumu hulemea upande pale unapopanda polepole, na huku kupanda polepole ni jambo la kila siku.

Nimenunua gurudumu la "namba 28". Linatosha kuanza kupima?

Hapana. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Kuna namba 28 tatu zinazozunguka madukani: 635 (28 × 1½), 622 (28 × 1⅝, ambayo pia huandikwa 700C) na 642 (28 × 1⅜). Namba hizo ni kipenyo cha ukaaji wa tairi kwenye rimu, na hakuna linaloingia kwa jingine. Namba 26 ina mtego wake pia: baiskeli nyingi za mitumba kutoka Japani zina 26 × 1⅜, yaani 590, wakati tairi za baiskeli za milimani ni 559. Foko hupimwa kwa gurudumu lenyewe likiwa na tairi na upepo ndani. Usiipime kwa jina la gurudumu.

Ninunue paipu gani?

Paipu nyeusi ya duara, kipenyo cha 25, unene wa 2. Uzito wake ni kama kilo 1.13 kwa mita. Unene wa 1.5 unafaa kwa baiskeli ya kutembelea tu, na mchomeleaji awe mzuri. Unene wa 1.2 ni wa mageti ya madirisha. Uache huko.

Paipu huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Foko inatumia mita 1.2, vipande viwili vya 600. Nunua nzima au gawaneni na mwenzako, kwa sababu vipande viwili vya kwanza vitakuwa vya kujifunzia, na kinachobaki kinatosha keria.

Paipu ya maji iliyopakwa zinki usiiguse. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya kifua usiku huohuo, na pia hutoboa vishimo kwenye mshono wa kuchomelea.

Foko iwe ndefu kiasi gani?

Pima foko ya zamani kutoka katikati ya ekseli hadi pale koni ya chini (pete ya gololi iliyo chini ya shina) inapokaa, ukifuata mstari wa shina. Foko mpya isizidi hapo kwa zaidi ya 15. Kila 10 unazoongeza mbele hulaza shingo kwa karibu nusu digrii na kuinua pedali kidogo. Wanaopenda foko ndefu za madoido huongeza 100 bila kuigusa fremu, kisha wanashangaa kwa nini baiskeli inageuka kama toroli. Wamelaza shingo kwa nyuzi 5 na mburuto umepaa.

Kwa mfano wetu: kutoka ekseli hadi juu ya tairi kwenye mstari wa shina ni 350, nafasi ya matope ni 15, na bega lenyewe ni 32. Jumla ni 397. Ukiweka madgadi, au njia yako ni ya udongo mfinyanzi wa Rungwe, nafasi ya matope ifanye 25 na ukubali shingo kulala kidogo.

Kalibu ya kukunjia inatengenezwaje?

Tumia ubao mgumu wenye unene wa 50. Mkaratusi uliokauka unafaa. Paini ya Mafinga ni rahisi kupata lakini paipu huizamia na mkunjo unatoka na mabonde. Chora tao lenye nusu kipenyo cha 275, kata, kisha chonga mfereji ukingoni wenye kina cha 10 hadi 12 ili paipu ikae na isitanuke pembeni. Tunalenga mkunjo wa nusu kipenyo cha 300 kwenye katikati ya paipu. Upande wa ndani wa paipu hiyo ni 287, na kalibu imefanywa ndogo kuliko hapo ili kufidia kurudi kwa chuma, maana paipu iliyokunjwa baridi hujirudisha nyuzi 2 hadi 4 ukiiachia.

Funga kalibu kwenye benchi kwa bolti mbili za 12. Bolti moja huzunguka.

Kukunja kwenyewe kunafanywaje?

Kaanga mchanga laini kwenye karai hadi usitoe mvuke tena, uache upoe, kisha ujaze paipu huku ukiigonga ubavuni kwa nyundo ya mbao. Gonga hadi mchanga uache kushuka, ongeza, gonga tena. Ziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mbao virefu angalau 40. Mchanga usiojaa vizuri ndio sababu ya kwanza ya paipu kubonyea tumboni.

Tafuta mshono wa paipu (utauona ndani kama mstari ulioinuka) na uuweke ubavuni, yaani usiwe upande wa nje wala wa ndani wa mkunjo. Ubavuni chuma hakivutwi wala hakibanwi. Mshono ukiwa nje, unaweza kufunguka.

Weka alama mbili kwenye paipu, umbali wa 183, hapo ndipo mkunjo unaanza na kuisha. Chomeka ncha moja kwenye kishikio cha kalibu, vika ncha nyingine paipu kubwa ya mita moja kuwa wenzo, vuta taratibu bila kushtua. Lengo ni nyuzi 35. Achia, pima kwa kiolezo cha kadibodi, rudia.

Hizo 183 na nyuzi 35 zimetoka wapi?

Tao la nusu kipenyo cha 300 likipinda nyuzi 35 linakula paipu ya 183, linapanda kimo cha 172, na linasogea mbele 54. Kwa hiyo kila mguu unapoteza 11 za urefu. Halafu kuna kitu ambacho wengi hukisahau: sikio linaendelea kuelekea mbele kwa pembe ileile ya mwisho wa mkunjo. Ekseli ikikaa 25 kutoka mwisho wa paipu, sikio linaongeza 14. Jumla ya mchomozo ni 68. Asiyehesabu sikio hutoka na foko yenye mchomozo mkubwa kuliko alioukusudia, kisha hulaumu kalibu.

Si lazima kuipasha moto?

Kwa mkunjo mpana hivi, hapana, na baridi ni bora kwa sababu miguu miwili hufanana kirahisi. Moto unahitajika ukitaka mkunjo wa nusu kipenyo chini ya 150 hivi. Hapo peleka kwa mhunzi mwenye mivukuto, pasha hadi wekundu wa cheri, kunja, uache ipoe yenyewe kwenye majivu. Usiimwagie maji: hupinda ovyo, na kama ni chuma chenye kromu kutoka fremu ya mitumba hugeuka kuwa kigumu kinachovunjika. Mchanga wenye unyevu ukipashwa moto hutengeneza mvuke unaorusha kigingi kama risasi. Simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya ncha.

Miguu yangu miwili haifanani. Nikaze au nilegeze?

Ilaze yote miwili juu ya kioo au bamba lililonyooka, mmoja juu ya mwingine. Tofauti ya 1 si neno. Ikiwa 2 au 3, ongeza mkunjo kwenye ule ulionyooka zaidi. Usijaribu kuunyoosha uliopinda zaidi, maana paipu iliyokunjwa na kukunjuliwa palepale inachoka. Tofauti ya 5 au zaidi, tupa mmoja, kunja mwingine. Ndiyo sababu ya kununua paipu nzima.

Kata urefu wa mwisho baada ya kukunja, miguu yote ikiwa imebanwa pamoja: 388 za paipu kwa mfano wetu.

Bega na shina nitengeneze au nichukue ya zamani?

Shina chukua la foko ya zamani, kwa ajili ya nyuzi zake. Kukereza nyuzi mpya za inchi moja ili zipokee nati ya kikombe ni gharama isiyo na maana. Hakikisha nyuzi na vikombe vimetoka baiskeli moja: Raleigh nyingi za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi, wengine 24, na nati ya moja huingia kwa nyingine mizunguko miwili kisha inakwama na kuharibu zote.

Bega tengeneza kwa vibao viwili vya flati baa, 150 × 50 × 6, vilivyoachana 20. Vibane pamoja na uvitoboe kwa mpigo mmoja: tundu la katikati la shina, na matundu mawili ya miguu. Umbali kati ya vitovu vya matundu ya miguu ni upana wa habu, nati hadi nati, ongeza 5 za unene wa sikio. Habu ya 100 inataka 105. Shina na miguu vipenye vibao vyote viwili. Umbo la sanduku linalopatikana ndilo linalobeba mzigo. Kibao kimoja, hata kiwe cha 10, hunyongeka.

Peleka shina kwa mkerezaji wa chuma (Mwanjelwa na Iringa mjini wapo, na karakana za SIDO na VETA zina mashine) akufanyie pete ya kukalia koni ya chini. Mpelekee koni yenyewe. Koni za inchi moja zina tundu la 26.4 au 27.0 na tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini koni iliyolegea hula pete ndani ya mwezi.

Ndani ya shina, upande wa chini, ingiza paipu ya 22 yenye unene wa 2, urefu wa 120, ncha yake ya juu ikatwe mshazari kama mdomo wa filimbi. Ukiikata mraba, mpaka wa palipo na paipu mbili na palipo na moja unakuwa mahali pa kukatikia. Chomelea chini tu. Usitoboe shina kwa ajili ya kuishika.

Kabla ya kuchomelea chochote, ingiza shina shingoni na uzungushe. Ncha za vibao zikigusa paipu ya chini ya fremu kabla ya kugeuka nyuzi 60, chonga kona za nyuma kwa grenda.

Na masikio?

Bati la 5. Yabane yote mawili kwa bolti, yakate na kuyatupia tupa kama kitu kimoja, ufa wa ekseli uwe mpana kuliko ekseli kwa 0.5. Pasua mwisho wa mguu kina cha 25, chomeka ulimi wa sikio, ponda paipu kidogo iukumbatie.

Kuchomelea: mipangilio gani?

Fimbo za 2.5 za kawaida (E6013), ampea 65 hadi 80. Elekeza moto kwenye kibao kinene, uusukume kidogo tu kuelekea paipu. Ukifanya kinyume utatoboa. Shikiza nukta nne kila kiungo, pima, ndipo umalizie kwa kupokezana kulia na kushoto ili joto lisivute upande mmoja. Mwenye gesi na shaba na boraksi anaweza kuunga masikio kwa shaba, na hapo ni bora kuliko umeme kwa sababu paipu haiungui.

Tukuyu na Njombe fimbo hunyonya unyevu hata zikiwa dukani. Zikaushe juu ya jiko la mkaa kabla ya kazi, la sivyo mshono unajaa vishimo. Umeme ukiwa mdogo jioni, acha hadi asubuhi.

Nitajuaje kama imenyooka?

Weka gurudumu, tazama nafasi ya tairi kushoto na kulia. Kisha litoe, ligeuze upande, lirudishe. Kama tairi limeegemea upande uleule, foko ina kosa. Kama limehamia upande wa pili, rimu haiko katikati ya habu, kaza spoku na uache foko ilivyo. Jaribio hili ni la dakika mbili na limeokoa foko nyingi zisizo na hatia.

Kisha ning'iniza timazi kutoka katikati ya shina, foko ikiwa imebanwa wima kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao. Uzi ukitazamwa kutoka mbele upite katikati ya masikio, tofauti isizidi 1.

Nijaribu vipi kabla ya kuipanda?

Bana shina lilale, masikio yakiangalia pembeni, mkunjo ukielekea juu. Pima urefu wa ekseli kutoka sakafuni. Ning'iniza mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, kwenye ekseli kwa dakika tano, kisha uutoe na upime tena. Ikirudi ilipokuwa, au ikiacha 1, endelea. Ikibaki imeshuka 3, shina au bega halitoshi, na usijidanganye kwamba "imekaa tu". Wakati wa jaribio miguu yako isiwe chini ya mfuko.

Baada ya hapo tafuta nyufa: paka mishono mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa, sugua chaki. Ufa hurudisha mafuta na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Rudia kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila unapopaka grisi.

Nimeifunga na usukani umekuwa mzito, tena gurudumu linagusa vidole vya miguu.

Umeifunga nyuma mbele. Hutokea hasa kwa usukani usio na mbele wala nyuma. Mchomozo wa 68 ukielekea nyuma, mburuto unapanda hadi zaidi ya 210.

Gololi za ukubwa gani?

Vikombe vya shingo ya inchi moja: 5/32 ya inchi. Habu ya mbele: 3/16. Ya nyuma: 1/4. Jaza kikombe kwenye grisi, kisha toa gololi moja. Kaza hadi mchezo uishe, sio zaidi. Ikikazwa sana gololi huchimba vishimo na usukani utakuwa "unajikuta" katikati wenyewe.

Breki ya mbele ni ya lazima kweli? Nyingi hazina.

Ukiishi Iringa mjini na kazi yako iko Ipogolo, kule chini ya mteremko, jibu unalijua. Kwenye mteremko uzito unahamia mbele na breki ya nyuma hubaki kuburuza tairi. Breki za fimbo zinafaa kama rimu ni ya aina yake, yenye mbavu za ndani. Vishikio vyake vifunge miguuni kwa klipu. Usitoboe mguu ndani ya 100 za juu, kwa sababu breki huukunja mguu kuelekea nyuma kila unapofunga, na tundu hapo ni mwanzo wa ufa. Kwa mlima Kitonga, shuka kwa miguu. Malori hayakuoni kwenye zile kona.

Nibebe lumbesa ya viazi kutoka Uyole?

Mzigo ukikaa nyuma, juu ya ekseli ya nyuma, foko hii haitalalamika. Rimu ya nyuma ndiyo itakayolalamika, ndiyo maana ina tundu 40 wakati ya mbele ina 32. Mzigo ukitokeza nyuma ya ekseli, mbele inakuwa nyepesi na baiskeli inacheza ngoma. Keria ya mbele iliyofungwa kwenye foko yenyewe isizidi kilo 10. Zaidi ya hapo iungwe kwenye fremu, ili usukani usigeuze mzigo.

Rangi gani itadumu mvua za huku?

Mwaga mchanga wote kwanza, gonga hadi pasitoke hata punje, maana mchanga uliobaki hushika maji. Toboa tundu la 3 chini kabisa ya kila mguu, mimina oili safi kidogo ndani, zungusha, iache itoke. Nje: msasa hadi chuma king'ae, redi oksaidi mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili, kila tabaka likauke siku nzima. Mwezi wa Juni na Julai Njombe, siku nzima haitoshi, weka mbili. Usipulize rangi ya gari wakati wa ukungu wa asubuhi. Inapauka na kuwa kama imemwagiwa maziwa, na dawa yake ni kuiondoa yote na kuanza upya.